Kabla ya kubadilisha dawa ya ADHD, tazama saa

*"Mwanangu ana miaka minane, yuko Gredi ya 3, nasi tunaishi Kisauni. Miezi miwili iliyopita daktari alituambia ana ADHD, hali ya kushindwa kutulia na kuwa makini, akamwandikia metilfenidati, tembe ya miligramu 10 asubuhi na nyingine mchana. Shuleni hawakubali kumpa dawa, kwa hivyo ile ya mchana nampa akirudi saa tisa, kabla hajaenda madrasa. Mwalimu anasema asubuhi anatulia na kuandika, lakini baada ya mapumziko anarudi kuwa yuleyule. Jioni ndiyo balaa: ikifika magharibi analia kwa jambo dogo, chakula hataki, na usingizi haumjii hadi saa tano. Tena saa moja au mbili baada ya kumeza ananyamaza sana, kama si yeye. Jirani ana mtoto anayetumia tembe moja tu ya miligramu 36 na hana shida. Je, nimwombe daktari anibadilishie? Mama mkwe anasema dawa hizi ni muguka wa hospitali, mtoto atakuwa mraibu, afadhali tumpe kombe, maji ya aya za Kurani. Baba yake anataka tuache kabisa. Katika ukoo hakuna mwenye maradhi ya kudumu, ila ami yake alianguka uwanjani akicheza mpira, akafariki akiwa na miaka 22. Nitajuaje dawa ipi ndiyo yake?"*

Mama, ahsante kwa kueleza kwa kina namna hii. Naomba nianze na sentensi uliyoipitia haraka, ile ya ami yake aliyeanguka uwanjani. Metilfenidati huongeza kidogo mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Kwa mtoto mwenye moyo mzima ongezeko hilo kwa kawaida halina neno, lakini yako maradhi ya moyo ya kurithi ambayo hujificha miaka mingi, na dalili yake ya kwanza inaweza kuwa kifo cha ghafla cha kijana aliyekuwa akikimbia. Kwa sababu hiyo, kabla ya dawa kuanzishwa, daktari hutakiwa kuuliza kama yupo mtu wa ukoo aliyefariki ghafla angali kijana, na kama mtoto mwenyewe amewahi kuzirai akicheza, kulalamikia kifua au kusema moyo unamwenda mbio. Inawezekana uliulizwa ukawafikiria babu na nyanya tu, maana wengi hulichukulia swali hilo kuwa ni la wazee wenye presha. Mpigie daktari wako kesho asubuhi, umweleze habari hiyo, na umwombe ushauri kuhusu kipimo cha umeme wa moyo, ECG, ambacho hakina maumivu na huchukua dakika chache. Mpaka mzungumze, usiongeze dozi. Na usipompata kwa siku mbili tatu, ni heri uisimamishe. Metilfenidati hutoka mwilini siku hiyohiyo, na kuisimamisha kwa muda hakumdhuru mtoto. Huenda moyo wake ni mzima kabisa, lakini hakuna sababu ya kubahatisha.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Ninavyokuelewa, hofu yako ni kwamba mtoto amepewa dawa isiyo yake, na kwamba ile iliyo yake iko mahali fulani, pengine kwa jirani. Mimi nikiyasoma maelezo yako saa kwa saa naona jambo jingine: dawa inafanya kazi, ila inafanya kazi katika saa zisizomfaa, na huenda inamjia kwa wingi mno kwa mara moja. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na yote mawili yana njia ya kurekebishwa kabla hujafikiria kuhama dawa.

Ili uone ninachokiona, inafaa ujue dawa hii inafanya nini. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayomwezesha mtu kushikilia jambo moja akilini, kungoja zamu yake na kujizuia asiseme neno lililomjia mdomoni. Chembe za neva za sehemu hiyo hupashana habari kwa kemikali, hasa dopamini na noradrenalini. Kwa mtoto mwenye ADHD mawasiliano hayo ni hafifu, kama mtu anayemnong'oneza mwenzake ndani ya feri ya Likoni asubuhi: neno limetamkwa, lakini halifiki. Metilfenidati huzuia kemikali hizo zisifyonzwe haraka na chembe iliyozitoa, zikapata muda wa kufikisha ujumbe. Hii ndiyo sababu dawa inayohesabiwa kuwa kichangamsho inaonekana kumtuliza mtoto. Haimlazi, inaiamsha ile sehemu ya ubongo ambayo kazi yake ni kumzuia. Haimwongezei akili wala haimfundishi hesabu, na haiiponyi ADHD, ambayo kwa kiasi kikubwa ni ya kurithi na haikuletwa na sukari, wala na malezi yako.

Tembe ya kawaida ya metilfenidati huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja, hufikia kilele karibu na saa ya pili, na nguvu yake huisha baada ya saa tatu hadi nne. Tuseme humeza saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla hajaondoka nyumbani. Ikifika saa nne na nusu dawa imekwisha, na huo ndio wakati wa mapumziko. Mwalimu wake, kwa hiyo, amekupa taarifa sahihi kabisa: kuanzia hapo hadi kengele ya mwisho mtoto anasoma bila dawa. Tembe ya pili, ambayo daktari aliikusudia kwa masomo ya mchana, inaingia saa tisa, inamsaidia madrasa, kisha inakwisha magharibi. Inapotoka, baadhi ya watoto hupitia saa moja hivi ya machozi na hasira zaidi kuliko hata walivyokuwa kabla ya kuanza dawa, na wewe umeitaja saa hiyohiyo. Chakula cha jioni kinamkuta kabla hamu ya kula haijamrudia vizuri, na usingizi unachelewa kwa sababu kichangamsho kimeingia alasiri. Nisingeihukumu dawa kwa ushahidi huu.

Ile tembe ya mtoto wa jirani, kwa jinsi ulivyoitaja miligramu 36, inaelekea ni metilfenidati hiyohiyo iliyotengenezwa ili itoke polepole, kama Concerta. Usitishwe wala usivutwe na tarakimu. Miligramu 36 za aina hiyo hulingana takriban na miligramu 30 za tembe za kawaida zilizogawanywa kwa siku, na ile ya miligramu 18 hulingana na 15. Mwanao sasa anapata 20. Tabaka la nje huyeyuka mapema likaanza kazi, na sehemu iliyobaki husukumwa nje taratibu, hivi kwamba tembe moja ya asubuhi humtosha mtoto kwa muda wa karibu saa kumi hadi kumi na mbili. Haivunjwi, haitafunwi wala haisagwi, kwa sababu ukiivunja umeondoa kile hasa ulichokilipia. Ganda lake tupu linaweza kuonekana chooni, na wazazi wengine hudhani tembe imetoka nzima bila kufanya kazi; sivyo. Zipo pia kapsuli zinazodumu saa nane hivi, ambazo baadhi yake huweza kufunguliwa na chembechembe zake kunyunyiziwa juu ya chakula laini kilichopoa, kwa mtoto asiyeweza kumeza. Kasoro ya dawa hizi ni bei, ambayo ni kubwa kuliko ya tembe za kawaida, na kwamba si kila famasi huwa nazo kila mwezi. Uliza hayo kabla ya kuhama, si baada ya kuzoea.

Kwa maelezo yako, mimi ningemwuliza daktari kwanza kuhusu dawa ya kutoka polepole. Kama gharama haiwezekani, ningemwomba aandike barua kwa mwalimu mkuu ili tembe ya pili itolewe shuleni kwenye saa nne na nusu au saa tano, na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, ikae katika kabati lenye kufuli na itiwe sahihi kila inapotolewa. Shule nyingi hukataa kwa kuogopa lawama, na barua yenye mhuri wa hospitali mara nyingi huiondoa hofu hiyo. Ikiwa tembe ya pili itatolewa mapema hivyo, saa za madrasa zitabaki bila dawa, na hapo itabidi mchague: baadhi ya wazazi huongea na ustadhi ili mtoto apunguziwe muda au akae mbele karibu naye, wengine daktari huwaongezea kiasi kidogo cha alasiri. Madrasa ni darasa la pili la siku, na daktari asiyeliuliza hupanga dozi ya nusu ya maisha ya mtoto. Mwambie hata asipokuuliza.

Kunyamaza kwake ndiko kulikonigusa zaidi, kwa sababu ni dalili ambayo watu wazima huipenda. Mtoto aliyekuwa akipanda madirisha anapokaa kimya, kila mtu hushukuru, na hakuna anayeuliza kama bado anacheka. Lengo la matibabu haya ni mtoto yuleyule, mwenye mzaha wake na maswali yake, ila sasa anaweza kumaliza alichoanza. Akiwa mkavu, ametumbua macho, hataki kucheza na wenzake, na hali hiyo ikija kileleni mwa dawa, mara nyingi dozi imezidi. Daktari anaweza kuishusha hadi miligramu 5 au 7.5 kwa mara, au kuhamia ile ya polepole ambayo haina kilele kikali. Ikibaki vilevile hata kwa dozi ndogo, hapo ndipo tutasema dawa hii haielewani naye.

Watu hutarajia dozi ipigwe hesabu kwa uzito, kama ya malaria. Metilfenidati haiendi hivyo. Mtoto mnene anaweza kutosheka na kiasi kidogo kuliko mwembamba. Kawaida huanza na miligramu 5 mara moja au mbili kwa siku, ikaongezwa 5 hadi 10 kila wiki, isizidi 60 kwa siku, mpaka ifikie mahali ambapo faida ni kubwa na madhara yanavumilika. Mwaka 1999 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti unaojulikana kama MTA, uliowahusu watoto 579 wenye miaka 7 hadi 9 kwa miezi 14. Kundi moja lilipewa dawa kwa uangalizi wa karibu, dozi ikitafutwa hatua kwa hatua na mtoto akionwa kila mwezi. Jingine liliachiwa matibabu ya kawaida ya kwao, na hata humo takriban theluthi mbili walikuwa wakipata dawa. Waliofuatiliwa kwa karibu walipata nafuu kubwa zaidi. Kwa haki, niseme pia kwamba miaka iliyofuata, mpango ule ulipokwisha, tofauti kati ya makundi ilififia. Ninachokichukua humo ni kwamba jina lililoandikwa kwenye pakiti lina uzito mdogo kuliko ufuatiliaji, na mwanao amekaa miezi miwili kwenye dozi moja, nawe hukutaja kwamba alirudi kupimwa.

Kwa hiyo nunua daftari. Kila siku andika saa aliyomeza, alichokula asubuhi, mchana na usiku, saa aliyolala, na sentensi moja kuhusu jioni yake. Mwombe mwalimu ajaze kila Ijumaa karatasi fupi ya maswali. Daktari wako anaweza kukupa fomu ya Vanderbilt, ambayo ina sehemu ya mzazi na ya mwalimu. Badilisheni jambo moja tu kwa wakati mmoja, na mabadiliko yaanze Jumamosi ili uyaone kwa macho yako mwenyewe. Ukibadilisha dozi, saa ya kulala na shule katika wiki moja, hutajua kilichosaidia ni kipi.

Kuhusu chakula, mlishe kabla ya dawa. Akinywa uji wa maziwa na kula mahamri kwa mbaazi au mayai kabla ya kumeza, amekula vizuri hata akikiacha chakula cha mchana. Usimlazimishe mchana, mpe chakula cha usiku saa mbili, njaa ikishamrudia. Uzito upimwe kila miezi mitatu na urefu kila miezi sita, kwa sababu dawa hizi zinaweza kupunguza kidogo kasi ya kukua kwa baadhi ya watoto.

Mama mkwe hakukosea kila kitu, na nisingependa adharauliwe. Muguka na miraa zina kathinoni, ambayo ni kichangamsho, na metilfenidati pia ni kichangamsho. Ni kweli zinagusa dopamini zote mbili. Tofauti ni kwamba mtafunaji wa muguka hutafuta ile stimu yenyewe, kwa kiasi kisichopimwa, akarudia saa hadi saa, ilhali tembe inayomezwa kwa dozi ya tiba huingia ubongoni taratibu na haileti ulevi. Kwa Mombasa, ambako mwaka 2024 serikali ya kaunti ilifikia hatua ya kutangaza marufuku ya muguka na ambako karibu kila mtaa una kijana aliyeharibiwa na unga, hofu hiyo ina mizizi. Lakini watoto wenye ADHD wanaotibiwa kwa vichangamsho hawajaonekana kuwa waraibu zaidi ukubwani kuliko wenzao wenye ADHD wasiotibiwa. Dawa ikisagwa na kuvutwa puani, hapo huwa kitu kingine. Ndiyo maana iko chini ya udhibiti wa kimataifa tangu mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na ndiyo maana wewe unapaswa kuifungia, kuzihesabu tembe, kuinunua kwenye famasi iliyosajiliwa tu, na kutomgawia mtoto wa mtu hata moja.

Kombe na kisomo sina sababu ya kuvipinga, navyo haviwi mbadala wa matibabu. Ninachoomba ni kwamba chochote kingine cha kunywa, hasa mizizi na majani ya dukani, kitajwe kwa daktari, pamoja na dawa za mafua zenye kufungua pua, kwa kuwa baadhi yake hupandisha presha zikikutana na metilfenidati.

Ikiwa baada ya wiki sita hivi za dozi iliyopangwa vizuri hakuna nafuu, ndipo tuzungumze kubadilisha. Takriban watoto saba katika kumi hunufaika na kichangamsho cha kwanza, na wengi wa waliobaki hunufaika na cha kundi la pili, kama lisdeksamfetamini, pale kinapopatikana. Atomoksetini si kichangamsho; hufunika siku nzima na haina historia ya kutumiwa kama kilevi, ila hupimwa kwa uzito, inahitaji wiki nne hadi nane au zaidi kabla ya kuonyesha faida kamili, na inaweza kuleta maumivu ya tumbo na usingizi. Guanfasini na klonidini huwafaa baadhi ya watoto, hasa wenye kutikisika viungo bila hiari au wasiolala, lakini hizo kamwe usizikate ghafla, kwa sababu presha inaweza kuruka juu. Wako wanaoandikiwa risperidoni mara tu mtoto anapokuwa mtukutu. Hiyo ina kazi yake kwa hali nyingine, kama ukali uliokithiri, lakini haitibu umakini, na ukiandikiwa hiyo peke yake kwa ADHD una haki ya kuuliza kwa nini.

Baba yake anayetaka muache, mweleze kwamba kuacha ni chaguo ambalo daktari anaweza kulijaribu kwa mpango, wakati mwalimu anaangalia, na si adhabu kwa dawa baada ya jioni mbaya. Mweleze pia kwamba dawa peke yake haitoshi. Agizo moja kwa wakati mmoja, sifa papo hapo anapomaliza, kiti cha mbele darasani, na hakuna kiboko, ambacho Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza shuleni. Ramadhani ikifika, mtoto ambaye hajabaleghe hawajibiki kufunga. Akipenda kufunga na wenzake, panga na daktari mapema, kwani tembe ya polepole inaweza kumezwa wakati wa daku lakini ile ya pili ya kawaida haitawezekana.

Usingoje siku ya kliniki akizirai, akipata maumivu ya kifua, akiona au kusikia vitu visivyokuwapo, akizungumzia kufa au kujidhuru, akivimba uso, au akipata kusimama kwa uume kunakouma na kusikoisha. Na kama siku moja atahamia atomoksetini, macho au ngozi kuwa ya manjano. Mpeleke hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo, pamoja na pakiti ya dawa. Kwa ufuatiliaji wa kawaida, ikiwa daktari aliyemwanzishia hapatikani, ulizia kliniki ya watoto au ya afya ya akili katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Coast General, au kitengo cha afya ya akili cha Port Reitz. Beba daftari, karatasi za mwalimu na tembe zilizobaki, na uende na mtoto mwenyewe, kwa maana uzito, urefu, mapigo na presha havipimwi kwa simu.